Mchanga wa Tangi la Baba

Juzi mjukuu wangu alimwaga ndoo ya mchanga wa pwani barazani, na harufu yake ya yai viza ikanirudisha Likoni, mbele ya tangi la samaki la baba.

Baba alikuwa baharia. Mama alikuwa ameachika, akarudi kwao Utange, nami nikalelewa na shangazi aliyeshinda sokoni. Baba akisafiri, niliozungumza nao nyumbani ni wale samaki wanne wa maji ya chumvi.

Safari moja alikawia sana. Mchanga wa tangini ulikuwa umeingia weusi, nikaona haya aukute vile. Nikautoa wote kwa kata, nikachota mwingine ufukoni, mweupe, nikauosha mpaka mikono ikachubuka. Siku ya pili maji yalikuwa kama tui. Siku ya nne samaki wote walielea.

Baba aliporudi nilimwamkia shikamoo. Aliinama akalitazama tangi.

"Uliubadilisha wote kwa mara moja?"

"Ndiyo, baba. Nilitaka ukija ukute pasafi."

"Mchanga wa zamani ndio unaosafisha maji, mwanangu. Hubadilishwa kidogo kidogo."

Nilingoja kofi, lakini alikaa sakafuni kando yangu hadi adhana ya magharibi.

Siku ya tatu akapanda meli nyingine. Niliporudi kutoka chuo cha Kurani hapakuwa na hata samaki wa kumwambia kwamba baba ameondoka.