Mama Hakubebwa Bure

Watu wangu wakisikia nimelitaja neno bima, hujua mazungumzo yameshaharibika. Wanawake wenzangu tunaouza chai na chapati pale steji ya Garsen wamenizoea. Dereva mgeni akisifu stika mpya ya bima kwenye kioo cha gari lake, mmoja wao hunikonyeza, nami huanza. Hakuna dereva aliyewahi kunisikiliza hadi mwisho. Chai huisha, au abiria hujaa, wakaenda zao na ujinga wao, na mimi huwaombea wafike.

Mume wangu ni dereva. Gari lake la kwanza lilikuwa kuukuu, mlango mmoja tukiufunga kwa kamba, na alilikatia bima ndogo, ile ya lazima ambayo askari wa barabarani huitafuta kwa macho kabla hajakusalimia. Wakala aliyemuuzia alikuwa mwanamke mpole mwenye ofisi ya meza moja, na alimweleza vizuri kabisa. Bima hii, alisema, ni ya watu wengine. Ukimgonga mtu, ukivunja ukuta wa mtu, ukiua ng'ombe wa mtu, kampuni itazungumza na huyo mtu. Gari lako likiharibika, hilo ni lako. Wewe mwenyewe ukivunjika, umevunjika. Mume wangu aliitikia kila neno, akalipa, na akasahau yote kabla hajafika mlangoni.

Kisha mto ukafurika. Hiyo si habari kwetu. Wakulima walihama na magodoro kichwani, wafugaji walikuwa wameshaondoa mifugo kitambo, na mume wangu akaliacha gari nyuma ya nyumba kwa sababu maji, alisema, hayajawahi kufika pale. Yalifika hadi kwenye usukani. Yalipopungua tukakuta kambare kwenye kiti cha nyuma, na waliokuja kumtazama yule kambare walikuwa wengi kuliko waliokuja kutupa pole. Mume wangu alikwenda kwa wakala akiwa na picha za gari kwenye simu. Alielezwa upya, neno kwa neno, na akarudi nyumbani akitukana kampuni, wakala na mto. Nilimwambia alimnunulia jirani mwavuli, sasa analia kwamba amelowa. Hakucheka. Siku hizo sikutaka acheke.

Gari la pili lilitoka kwa mkopo wa chama cha akiba na kwa chapati zangu. Safari hii mume wangu aliingia kwa wakala kifua mbele, maana alikuwa ameerevuka. Alitaka bima kubwa. Mama wa watu akaeleza tena. Hii itawalipa wale wengine kama ile ya kwanza, hata jamaa zako uliowapakia, na juu ya hapo italilipa gari lako likipinduka, likiungua, likiibwa, na ukiongeza kidogo, hata mto ukilifuata nyumbani. Halafu akauliza gari litafanya kazi gani. Kama ni la kubeba abiria wa nauli, alisema, hiyo ni bima nyingine kabisa, na bei yake ni nyingine.

Mume wangu aliuliza ipi kubwa kati ya hizo.

Yule mwanamke alijaribu. Alisema si suala la ukubwa, ni suala la kazi ya gari. Kwamba mtu anaweza kununua bima kubwa kuliko zote za matumizi ya nyumbani, lakini siku atakapopakia abiria wa nauli atakuwa kama hana kitu. Nilimkanyaga mume wangu mguu chini ya meza. Aliukwepesha mguu, akasema gari ni la familia, akatia sahihi. Siku iliyofuata alikuwa steji akiita watu wa Kipini.

Wote hufanya hivyo, nami sitajifanya malaika wa barabara ya Lamu. Magari ya familia yanayobeba abiria wa nauli hapa kwetu ni mengi kuliko familia. Mume wangu hata alipata heshima. Wenzake walikuwa na bima ndogo, yeye ana kubwa, na aliwacheka waziwazi walipokuwa wakinywa chai yangu. Mjinga akierevuka, mwerevu yuko mashakani, husema watu. Huyu aliniweka mashakani mimi.

Sasa nimlete mama yangu. Mama anaishi Idsowe. Analima mpunga na ndizi kando ya mto, na mambo ya ukwe kwake si mchezo. Hakumwita mume wangu kwa jina hata siku moja. Hakukaa naye kiti cha mbele, alikaa nyuma kabisa, kichwa amejitanda, kikapu magotini. Na alilipa nauli. Safari ya kwanza mume wangu alikataa kuipokea, na mama akashuka, akaketi chini kando ya barabara mbele ya abiria wote mpaka ikapokelewa. Baadaye nikamuuliza kwa nini amenitia aibu. Alinijibu kwamba mkwe akikubeba bure, siku akigombana na binti yako atawashusha nyote wawili. Tangu hapo alikuwa akimpa pesa abiria wa mbele yake, naye anampa wa mbele zaidi, mpaka zinamfikia dereva, kama watu wasiojuana. Mume wangu alizizoea. Ukweli ni kwamba alizipenda.

Tairi lilipasuka asubuhi moja mbele kidogo ya Idsowe, mama akiwa anakwenda Kipini kununua samaki wakavu. Gari liliacha barabara, likabiringika, likatua kwenye mpunga. Abiria wengine walitoka na michubuko. Mume wangu alitoka na kovu la paji la uso ambalo leo wageni hudhani ni la sijida. Mama alitolewa wa mwisho, kwa sababu mguu wake wa kulia ulikuwa chini ya gari.

Tulimpeleka hospitali ya Malindi. Daktari alisema mguu unaweza kupona, lakini mfupa unataka vyuma na mtaalamu, na mtaalamu yuko Mombasa kwenye hospitali ya kulipia, na kidonda kimeanza kuoza kwa hiyo tusikae tukihesabu ndugu. Tulifanya harambee Garsen. Watu walitoa walichokuwa nacho, nacho hakikufika hata mlangoni kwa yule mtaalamu. Lakini hospitali ile ilikuwa tayari kumpokea kama kampuni ya bima ingeandika barua kwamba itamlipia. Mguu wa mama yangu ulikuwa kwenye barua hiyo. Hakukuwa na njia nyingine, na usiniulize kuhusu kuuza ng'ombe, sisi ni watu wa mpunga.

Mume wangu akaanza kazi ya kupanga maneno. Aliwapitia abiria wote mmoja mmoja. Wote walikubali kuwa ndugu zake. Mwalimu akawa binamu, muuza mitumba akawa shangazi. Kwa mama hakuthubutu kwenda kusema naye mambo ya uongo, akanituma mimi. Mama alinisikiliza, akasema hilo halina uongo wowote, yeye ni familia kweli. Mkwe ni mkwe. Nikamrudishia mume wangu jibu, tukalala tumetulia.

Kampuni ilimtuma mchunguzi wodini Malindi. Nilikuwa nimemtarajia mtu wa bara, mwenye tai na haraka. Akaja kijana wa kwetu, mtoto wa mtoni kabisa, mwenye paketi ya sukari na chupa ya sharubati. Aliinama akamwamkia mama kwa Kipokomo, akataja kijiji cha bibi yake, na mama, ambaye hakuwa amekula tangu jana yake, akakaa kitako. Mgeni njoo mwenyeji apone, alisema, na akacheka. Waliongea kuhusu mpunga, kuhusu viboko wanaoharibu mashamba, kuhusu mazishi ya mtu ambaye wote wawili walimjua. Simu yake aliiweka juu ya shuka, karibu na mkono wa mama, kioo kikiangalia chini. Alimuuliza mama yule dereva ni nani wake. Mama akasema ni mkwe. Nikashusha pumzi.

"Basi hakuna shida, mama," kijana akasema kwa upole. "Mtu na mkwe wake. Najua alikuwa akikubeba bure siku zote, anakutunza."

Mama alimtazama kama mtu aliyetemewa mate.

"Mimi? Nibebwe bure na mkwe?" alisema. "Mwanangu, wewe ni wa kwetu, unajua mambo. Sijawahi kupanda gari lile bila kulipa, hata siku hiyo nililipa kabla halijaondoka. Muulize binti yangu, huyu hapa."

Nilisema mama amechanganywa na dawa. Kijana akanitazama kwa huruma, huruma ya kweli, nafikiri, na hilo ndilo ninalomchukia zaidi. Mama akasema hana dawa yoyote kichwani, na akarudia, akaeleza hata jinsi pesa zinavyopitishwa kiti kwa kiti. Kijana alimwekea shuka vizuri, akachukua simu yake, akaaga kwa adabu zote.

Nilimfuata kwenye ukumbi. Nilimwambia mtu wa bara asingeuliza vile, maana asingejua. Alirekebisha kola yake.

"Dada, mimi nimeuliza tu," akasema. "Kuuliza si ujinga."

Kikulacho ki nguoni mwako. Mtu mgeni angekuja na sheria zake zote, angeondoka na binamu na shangazi, na tungepata barua. Huyu alijua mahali pa kubonyeza kwa sababu na yeye ana mama, na mama yake naye hangekubali kubebwa bure.

Kampuni ilimpigia mume wangu simu. Gari limekatiwa bima ya matumizi binafsi, limekutwa likibeba abiria wa nauli, kampuni haihusiki na gari wala na majeruhi. Mume wangu aliuliza kama wamesahau kwamba yeye ana bima kubwa. Nilikuwa nimesimama karibu naye. Alisema hivyo mara mbili, bima kubwa, bima kubwa, mpaka yule wa upande wa pili akakata.

Mguu ulikatwa Malindi, juu ya goti. Nilitia sahihi mimi, kwa sababu mume wangu alikuwa amekwenda kununua maji na hakurudi mpaka jioni. Dada zake walisema mama yangu amemfilisi kaka yao kwa mdomo wake. Wajomba zangu walisema nimeolewa na muuaji aliyechelewa. Kila mtu aliongea isipokuwa mama, maana mama hatukumwambia. Tulimwambia kampuni inachelewa. Serikali, makaratasi, unajua. Niliwakataza wote, kwa matusi, na nikafaulu.

Tukamleta nyumbani kwetu Garsen. Hawezi kulima kwa mguu mmoja, na shamba lake sasa analimiwa na mtu anayemletea anachotaka kumletea. Kila jioni baada ya chakula husali kwa sauti, akituombea mmoja mmoja, na baada ya wajukuu alikuwa akimwombea yule kijana wa bima. Alimwombea kuliko alivyoniombea mimi. Alikuwa na hakika kwamba kijana anatupigania huko mjini, kwamba ndiye atakayeleta pesa za mguu wa bandia. Yule ni wa kwetu, alikuwa akisema, na tena ana adabu. Mimi nilikuwa nikiinamisha kichwa na kuuma ulimi.

Mume wangu kwa desturi hukaa nje mama akisali. Ukwe ni ukwe, hata nyumba ikiwa ya vyumba viwili. Gari alikuwa ameliuza kama chuma chakavu, mkopo bado unamla, na kwa miezi alikuwa akisikia kupitia pazia mtu yule akibarikiwa. Jioni moja alilisukuma pazia, akaingia, akasimama mbele ya mama yangu bila kumwamkia. Hajawahi kufanya hivyo kabla ya siku ile. Akamwambia yote. Kwamba hakuna pesa inayokuja. Kwamba angesema alibebwa bure, siku hizi angekuwa anatembea.

Nilimwambia anyamaze. Alikuwa ameshamaliza.

Mama aliivuta kanga yake juu ya paja, pale ambapo mguu unaishia. Mimi nilikuwa nikimwogopa. Kisha akamgeukia mkwe wake, na kwa mara ya kwanza nikamwona akimtazama machoni.

"Yule mtoto aliponiuliza," akasema, "alikuwa anajua?"

"Alijua, mama," mume wangu akajibu. "Ndiyo maana wakamtuma yeye."

Mama akatikisa kichwa, akasema basi, sala haijaisha. Mume wangu hakutoka nje. Alikaa sakafuni karibu nami, na mama akafumba macho, akaendelea pale alipokatizwa. Aliwaombea wajukuu tena. Aliniombea mimi. Akamwombea mkwe wake apate kazi. Halafu akafika kwa yule kijana, na sauti yake haikubadilika hata kidogo.

"Bwana, umpe mama yake maisha marefu," alisema, "na umpe mkwe mwenye gari."

Mume wangu aliitika amina. Nami nikaitika, kwa sauti kubwa kuliko yake.