Irabu Moja Mwishoni

Kosa langu la kwanza lilikuwa irabu moja. Mahali ambapo Mwitaliano huimba "amor", mimi niliimba "amori", na niliimba hivyo miaka mitatu bila kujua.

Nilikuwa natengeneza simu katika duka la Mtanzania mmoja hapa Durban. Kila asubuhi, kabla hatujafungua, niliingia stoo, nikasimama katikati ya maboksi ya kava na chaja, nikaimba. Mwalimu wangu alikuwa CD moja niliyoinunua barabarani, ya tenori, mwimbaji wa sauti ya juu ya kiume, wa opera wa Italia. Ndani ya kasha kulikuwa na kijitabu cha maisha yake: mtoto wa fundi mapipa, kijiji cha milimani, hakuingia shule ya muziki, alijifundisha mwenyewe kwa kusikiliza santuri, akaja kuimba miaka thelathini katika majumba makubwa. Nilikisoma mpaka kurasa zikachomoka. Mimi pia sikuwa na mwalimu. Nikaamua simhitaji.

Niseme ukweli: sivumilii kurekebishwa. Ndiyo maana hufanya jambo mara mia peke yangu, ili mtu asipate pa kunishika. Kiongozi wa kwaya yetu kanisani, mzee wa Bukavu mwenye saluni tuliyemwita Papa, aliwahi kunigusia kuhusu pumzi zangu. Sikwenda mazoezi wiki mbili. Hakunigusia tena. Wamama wa sauti ya pili, niliokuwa nikiwaimbia wimbo wa CD kabla ya mazoezi, walizoea kuniita Amori, nami nikatembea kifua mbele.

Mwaka uliofuata Kombe la Dunia lililochezwa hapa Afrika Kusini, kwaya ya opera ya mjini ilitafuta tenori mmoja. Niliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote. Kwenye usaili, mama wa Kizulu aliyekuwa kwenye piano alinikatiza kabla sijamaliza ukurasa wa kwanza, akauliza nani alinifundisha. Nikajibu kwa fahari kwamba nimejifundisha mwenyewe.

"Inasikika," akasema.

Akaniambia nitamke neno la mwisho. Nikatamka. Akaniambia tena, na tena. Neno linaishia kwenye r, alisema, hiyo i unaitoa wapi? Naapa sikuisikia. Kila neno la Kiitaliano lililofungwa mwishoni kwa konsonanti, mimi nililifungua: amori, soli, kori. Alisema sauti ninayo, masikio ndiyo ya nyumbani, yaliyozoea kila neno kuishia kwa irabu. Nafasi akapewa mwingine.

Nilikwenda moja kwa moja saluni kwa Papa. Papa alikuwa anamnyoa mteja. Nikamuuliza kama alikuwa anaisikia ile i. Akazima mashine.

"Tangu siku ya kwanza, petit, mdogo wangu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie, ukae tena wiki mbili nyumbani? Kwaya iko na tenori watatu tu." Akapangusa shingo ya mteja. "Na wale wamama wanakuita Amori. Ulidhani ni sifa?"

Mteja akacheka mpaka akatikisa kiti. Nilitoka bila kuaga. Nilimkasirikia Papa kwa ukimya wake, na wale wamama, na yule mteja nisiyemjua hata kidogo.

Wiki hiyohiyo nilikuta maktaba kitabu kinene kuhusu tenori wangu. Nilikisoma nimesimama. Alikuwa na mwalimu. Mjane mmoja alimfundisha jikoni kwake miaka saba, akimsahihisha neno moja moja, kwa sababu kijijini kwao watu hukata irabu za mwisho wa maneno. Yeye alizikata, mimi naziongeza. Mjane yule akamtengeneza, na alipopata jina hakumtaja popote. Aliwaambia watu alijifundisha mwenyewe, na mtu akaichapa hadithi hiyo, na mimi nikaila nzima nikiwa stoo. Nilikifunga kitabu kwa kishindo mpaka mhudumu akainua kichwa. CD niliitupa siku hiyo. Ningemkuta yule mtu hai, ningemuuliza mjane alimkosea nini.

Hasira haijaisha. Lakini sasa kila Jumanne nakwenda mtaa wa Cato Manor, nyumbani kwa yule mama wa piano, niliyemwomba anifundishe. Ananikatiza, ananisahihisha, narudia. Bado sipendi kurekebishwa. Na watu wakiniuliza nani alinifundisha, namtaja.