Chini ya Sakafu ya Mama Mkwe

Hebu mwone Chrispine akifika ufuoni Homa Bay, jua la mchana limeshika kazi. Amevaa suruali nzito yenye viraka vya ngozi magotini, na amekumbatia furushi la pamba ya kioo, ile ya kuzuia joto na baridi, linalomzidi upana. Hasogei mlangoni. Anasimama mbali na stoo ya samaki, anakohoa, anangoja aambiwe kwamba mwenye stoo ametoka. Mwenye stoo ni Mama Phelesia, mama mkwe wake.

Chrispine ni mtu wa Ndhiwa. Alienda Kanada, kaskazini kabisa, kwenye mji ambao nyumba zimesimama juu ya nguzo. Kule ardhi yenyewe ni barafu. Nyumba ikiipasha joto, inayeyuka, na nyumba inainama. Kwa hiyo chini ya nyumba huachwa uwazi, na upepo unapita humo upendavyo. Kazi ya Chrispine ilikuwa kulala chali kwenye uwazi huo, taa kichwani, akijaza pamba kati ya boriti za sakafu, ili wenye nyumba wasigande miguu wakinywa chai. Mkewe Lorine alikuwa akimwona kwenye simu.

Mwaka huu alipokuja likizo, Lorine alimwambia, "Baba Edith, mtoto anakuita yule wa simu. Mimi sikuolewa na simu."

Akasema atabaki, akipata kazi. Basi kazi ikajitokeza. Ziwa lilikuwa limepanda likameza stoo ya kwanza ya Mama Phelesia, akajenga nyingine ya mbao juu ya nguzo. Lakini barafu ya asubuhi ilikuwa maji kabla ya adhuhuri, na samaki wa mbuta kutoka kisiwa cha Remba walianza kunuka bei yao ikiwa bado inajadiliwa.

"Si wewe unajua sakafu?" Lorine akauliza.

"Sakafu za baridi."

"Na barafu ni ya moto?"

Wenye samaki wa ufuo mzima walikuwa wanaangalia. Stoo hii ikishika baridi, wote wangemwita. Ikikataa, kampuni ya Kanada ilikuwa inamtaka arudi kabla theluji haijaanza, na jibu walilitaka Jumatatu ya mwisho wa mwezi.

Sasa, tatizo. Kwa Waluo, mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa umbali. Hawashikani mikono, hawakai kiti karibu na kiti. Na hakuna mwanamume aliyelelewa vizuri anayelala chali chini ya mbao ambazo mama mkwe anatembea juu yake. Fundi Jared, aliyekuwa akimsaidia, alimwambia wazi: "Bana, ukionekana huko chini, utatoa ng'ombe wa kuomba msamaha mpaka zizi liishe."

Kwa hiyo Chrispine alifanya kazi kutokea juu. Mama Phelesia akiwa kanisani, aling'oa mbao, akashindilia pamba, akatandaza karatasi ya nailoni juu yake, akarudisha mbao. Nailoni juu, kama alivyofanya maisha yake yote. Kanada joto liko juu, ndani ya nyumba, na nailoni huzuia mvuke wa sufuria na pumzi za watu usiloweshe pamba.

Barafu ilidumu. Mama Phelesia akatuma shukrani kupitia kwa Lorine, maana yeye mwenyewe hangeweza kuzileta.

Kisha mbuzi wakahamia. Kila adhuhuri walijipanga chini ya stoo, macho wameyafumba kwa raha.

"Umewafungulia hoteli," Jared akasema.

Chrispine alichuchumaa kwa mbali akatazama. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye boriti, na pamba imening'inia kama kiwele. Akaelewa. Hapa joto liko chini. Hewa nzito ya ziwa inapanda, inaingia kwenye pamba, inakutana na baridi, inageuka maji. Na pamba iliyolowa haizuii chochote.

"Niliweka nailoni upande wa Kanada," akasema.

"Basi toa, weka upande wa Homa Bay."

"Upande wa Homa Bay ni chini."

  Nyumbani, Lorine alitoa koti zito la mumewe la Kanada sandukuni, akalianika.

Ijumaa, Mama Phelesia alienda kupokea boti. Chrispine akafukuza mbuzi, akaingia chini, akalala chali. Alitoa pamba mbovu, akaweka kavu, akaanza kufunika kwa nailoni kutokea chini. Ilibaki kona moja, ameishikilia kwa mikono miwili, Jared amekimbilia misumari, mbao za juu zilipolia. Boti ilikuwa imewahi. Nyayo zikasimama juu ya pua yake.

"Nani yuko huko chini?"

Angeiachia, pamba yote ingemwangukia.

"Nauliza, ni mbuzi?"

"Ni mbuzi, mama."

Mama Phelesia akafikiria hilo. "Na mbuzi atamaliza lini?"

"Misumari ikifika, mama."

 Mama Phelesia alitoka, akafunga mlango kwa nje, akakaa kwenye ngazi akijipepea uso kwa leso, akiwaambia wateja kwamba stoo inapumzika. Ilipumzika mpaka jioni.

Jumapili barafu ya Jumamosi ilikuwa bado barafu, na chini hapakuwa na mbuzi hata mmoja. Baada ya ibada wenye samaki walijaa uani kwa Mama Phelesia. Dada yake, Dorah, asiyejua kunong'ona, akauliza mbele ya wote, "Phelesia, hiyo nailoni imepigiliwa kutokea chini. Ni mwanamume gani alilala chini ya miguu yako?"

Phelesia akimtaja Chrispine, kazi ya ufuo mzima ni ya mkwe wake, na aibu ni yao wawili. Akisema ni fundi wa kupita tu, aibu hakuna, kazi hakuna, na kesho ni Jumatatu ya kuwajibu Kanada. Lorine anamtazama mamake. Chrispine, kule mbali kwenye kiti cha wakwe, anatazama viatu vyake.

Wewe ungekuwa Phelesia, ungemjibu Dorah nini?