Uso wa Mwavita Kwenye Mlango wa Chuma

Siku moja naikumbuka, mwanangu, na nikiikumbuka bado nageuka kuangalia mlango. Kaa hapo. Sogeza hizo nguo, ila usikalie suti ya bwana harusi, nitakushona na wewe. Nimesikia wewe na wenzako mnataka kuchora ukuta kule mtaa wa La Rochelle. Mchore mabibi na mababu, nguvu za watu weusi, tulikotoka, yote hayo. Vizuri sana. Mimi shule niliipita nikienda sokoni, sikuingia, lakini habari ya kuchora mababu hapa Johannesburg naijua, maana ilikaribia kunitoa roho.

Ilikuwa mwaka 2017. Mimi bado kijana, miaka hamsini na kitu tu, nywele nyeusi. Haya, nyingine zilikuwa nyeusi kwa sababu ya dawa ya dukani, lakini nyeusi. Nilikuwa na chumba cha kushonea hapo Jeppestown, karibu na robot, hizo taa za barabarani, chumba chenye mlango wa chuma ule wa kuviringisha. Asubuhi unapanda juu, jioni unashuka kwa kelele za kuamsha waliokufa. Suruali zangu zilikuwa zinaozesha watu. Mwanaume anaingia kapera, anavaa suruali yangu, akifika kwenye robot tayari ana mchumba.

Sasa, kaka yangu ana binti anaitwa Mwavita. Amezaliwa hapa hapa. Kizulu anakiongea mpaka Wazulu wanamwomba aende polepole. Kiswahili anakisikia chote, ila kukijibu anachechemea. Jina hilo Mwavita ni la mama yangu mzazi, na unajua kwetu Kasongo ilivyo: mtoto akipewa jina la mama yako, basi huyo ni mama yako, mambo yamekwisha. Mimi namwita Mama tangu yuko kwenye nepi. Akikohoa, nauliza Mama ana nini. Na yeye akitaka kunichokoza mbele ya wateja, mtoto wa miaka ishirini, ananiita "mwanangu".

Huyo alikuwa na kikundi cha vijana wachoraji. Kiongozi wao alikuwa Sizwe, kijana wa Soweto, mrefu, nywele za kusokota mpaka kiunoni, mtu wa kucheka. Wakaja mtaani kwetu na wazo lao. Kila duka lichorwe mlango wake wa chuma, uso wa bibi au babu wa mwenye duka. Duka likifunguliwa, bibi anaviringika juu anapumzika. Likifungwa, bibi anashuka kulinda. Jumapili, maduka yote yamefungwa, watu watembee mtaani waone wazee wetu wamejipanga kutoka kona hadi kona. Na chini ya kila uso waandike jina na alikotoka, herufi kubwa, watu wajue mtu mweusi ana mahali pake.

Mimi nikasema, mchoreni mama yangu! Picha yake hatukuwa nayo, ilipotea njiani na vitu vingine. Kwa hiyo mimi nikawa nasimulia na Mwavita anachora. Wewe unanijua. Nikasema macho kama sahani. Nikasema shingo kama ya twiga, na chale kwenye mashavu, mistari mitatu huku na mitatu huku, na kicheko kilichokuwa kinasikika ng'ambo ya mto. Kaka yangu alipokuja kuona akasema, "Huyu nani? Mama alikuwa mfupi!" Lakini akalia. Alisimama pale barabarani akalia, watu wa teksi wakampigia honi. Maana ilikuwa yeye, mwanangu. Pamoja na shingo yangu ya uongo, ilikuwa yeye. Na chini yake kwa rangi nyekundu: MWAVITA, KASONGO, CONGO.

Jirani mmoja aliandikwa BUJUMBURA. Mwingine TANGA. Upande wa pili, wenyeji wa nchi hii, NONGOMA, QWAQWA. Tulifurahi sana. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba sasa mtaa wetu unasomeka. Mtu yeyote akipita anajua mlango gani ni wa nani, bila kuuliza.

Wiki chache baadaye simu zikaanza kulia. Sauti za watu kwenye simu: kuna maandamano, wanakuja, wanasafisha maduka ya wageni, wameshafika mahali fulani, wamechoma kitu fulani. Siku zile ulikuwa huwezi kujua ipi kweli ipi uongo, na mimi ndiye mtaalamu wa uongo, hata mimi nilishindwa. Asubuhi nikafungua duka kwa kujikaza. Kabla ya saa sita nikasikia milango inashuka. Grraa, upande ule. Grraa, upande huu. Mtaa mzima unafunga. Na mimi nikavuta wangu.

Hapo ndipo nilipoelewa, jasho likanitoka mpaka kwenye soksi. Nikifunga, mama anashuka na jina lake na Congo yake. Nikifungua, mashine zangu na vitambaa vya watu viko wazi. Nikasimama katikati ya barabara nikimtazama mama yangu, na yeye ananitazama kwa macho niliyomwambia mtoto ayafanye kama sahani. Huko nyuma ya majengo sauti zikaanza. Sio kelele. Wimbo. Wanaume wengi wanaimba pamoja, na miguu. Ningependa kelele kuliko wimbo ule.

Mwavita akatokea anakimbia, ametoka kwenye chumba cha kikundi chao Doornfontein kwa miguu, ana kopo la rangi ya kijivu na brashi pana.

"Baba mdogo, shika ngazi."

"Mama, unafanya nini?"

"Nafuta. Nafuta yote. Eish, shika ngazi bwana!"

Nikashika. Alichovya brashi kwa pupa mpaka rangi ikanimwagikia kichwani. Akapaka ile CONGO kwanza, ikatoweka. Akaanza KASONGO.

Pembeni ya mlango wangu alikuwa anakaa Bibi Zawadi, mwanamke mzee wa Uvira, Congo kwetu, anauza sombe, majani ya muhogo, na samaki wakavu kwenye beseni. Wote wamekimbia, yeye bado anafunga samaki wake mmoja mmoja kwenye gazeti, kwa sababu miguu yake ilikuwa imevimba, haiwezi kukimbia hata ikilipwa.

"We binti," akasema. "Unamfuta nani?"

"Bibi, wanakuja! Wataona."

"Nimesikia wanakuja, sina uziwi. Nimekuuliza unamfuta nani. Unaitwa nani wewe?"

Mwavita akachovya brashi tena.

"Unaitwa nani?"

"Mwavita."

"Basi unajipaka mwenyewe usoni. Shuka kwenye ngazi." Halafu akageuka kwangu, na macho yake hayakuwa na mchezo. "Na wewe, mtu mzima na rangi kichwani, unamshikia ngazi mtoto amfute mama yako?"

Nikasema, "Bibi, tunaogopa."

"Na mimi naogopa. Kojo liko karibu." Ndivyo alivyosema, mwanangu, siongezi. "Nilivuka mpaka wa kwanza, nikabadili jina. Wa pili, nikaficha kabila. Hapa nilipofika nikajifanya Mvenda, mtu wa nchi hii, na Kivenda sijui hata kuomba maji. Kila mahali nilifuta kidogo, kidogo tu. Sasa nikipiga magoti kuomba, Mungu anauliza, nani anaongea? Nyie mmewachora wazee kwa raha, watu wakapiga makofi. Mlifikiri wazee watawadai makofi tu?"

Mwavita akashuka. Aliketi kwenye ngazi ya chini kabisa, brashi mkononi, analia bila sauti. Mimi nikasema twende, kuna mlango mdogo wa nyuma, tuingie. Yeye akasema, "Na Bibi?" Tukamshika Bibi Zawadi huku na huku. Hatujatoka mbele ya mlango, wakakunja kona.

Mwanangu, mimi napenda kuongeza. Nikikwambia samaki alikuwa mkubwa, gawanya kwa kumi. Lakini hapa siongezi. Walijaza barabara. Fimbo, vyuma, mmoja ana panga. Kioo cha spaza, lile duka dogo pale mbele, kililia mara moja tu, halafu watu wakaingia na kutoka na unga, na mafuta, na friji. Miguu yangu ilishafika La Rochelle, ni mwili tu uliobaki Jeppestown.

Wakatufikia. Mbele alikuwepo mwanaume mmoja wa kofia ya sufu, bado kijana. Akatutazama sisi wawili wazee, halafu akamtazama Mwavita. Akamsalimia Kizulu, na Mwavita akajibu. Na Kizulu chake, nimekwambia, kilikuwa maziwa. Yule mtu uso wake ukalegea.

"Dada, wewe wa hapa. Unafanya nini na hawa kwerekwere?"

Kwerekwere ndilo tusi lao kwa sisi wageni. Mtu akaonyesha mlango kwa fimbo.

"Na huyu gogo ni wa nani?"

Gogo kwao ni bibi. Unaona, mwanangu? Njia ilikuwa wazi mbele yake, pana kama barabara ya magari. Angesema sijui. Angesema mimi napita tu. Angeondoka, na hakuna mtu angemgusa. Mimi mwenyewe moyoni nilikuwa naomba: Mama, sema hujui. Tukane ukitaka, sema hutujui, nenda nyumbani. Nilimwomba Mungu hivyo kwa lugha zote ninazozijua na mbili nisizozijua.

Akasema, "Ni gogo wangu."

"Gogo wako anatoka wapi?"

Pale mlangoni CONGO imeshapakwa kijivu, KASONGO imebaki nusu. Hakuna mtu angeweza kusoma. Akasema kwa mdomo wake, "Congo. Mimi naitwa jina lake. Na hawa ni watu wangu."

Wimbo wa nyuma niliusikia umekuwa mbali. Yule mtu akainua fimbo. Nikafumba macho, nikasikia mlio, nikajua nimemzika mama yangu mara ya pili.

Nilipofumbua, Mwavita bado amesimama. Fimbo ilikuwa imepiga chuma karibu na sikio lake, kwenye shavu la mchoro, na chuma kimebonyea. Yule mtu alikuwa anamtazama, anahema. Akainua tena. Na hapo ving'ora vya polisi vikalia kwenye kona, zile bunduki za risasi za mpira zikaanza, watu wote mbio, wenye fimbo mbio, wenye friji mbio, na sisi tukamburuta Bibi Zawadi mpaka mlango wa nyuma, tukajifungia gizani kati ya mashine. Mwavita alinishika shati mpaka vifungo vikatoka. Alikuwa anatetemeka kama mtu wa homa, na meno yake nayasikia. Hakuwa shujaa wa sinema. Alikuwa mtoto anayeogopa kufa.

Watu huniuliza, ile fimbo ya pili ingempiga? Au uso ule na jibu lile vilikuwa vimemwingia yule kijana, angeishusha mwenyewe? Nimesimulia habari hii mara nyingi. Wakati fulani nilikuwa naweka kwamba alilia, akaomba msamaha. Watu walipenda. Lakini wewe nakwambia kweli: sijui. Sitajua.

Ninachojua ni kwamba majirani wawili walipoteza kila kitu siku ile, na mmoja alipanda basi akarudi kwao, hajaonekana tena. Ninachojua ni kwamba baada ya siku kadhaa Sizwe alikuja na vijana wake, hakucheka. Alienda mlango kwa mlango akiwaomba wenye maduka samahani, akiwauliza mmoja mmoja: tubakize au tufute? Ni wewe mwenye kuamua. Kuna waliosema futa, na vijana wakafuta bila kununa, maana kichwa kitakachovunjwa sio cha mchoraji. Kwangu nilisema, muulizeni mama yangu. Mwavita akachukua rangi nyekundu, akaandika upya KASONGO, akaandika upya CONGO. Mkono ulikuwa bado unatetemeka, herufi zikatoka zimepinda.

Basi sikia, mwanangu, nenda ukachore. Lakini kabla hujafungua kopo, piga hodi kwa mwenye ukuta, na kwa anayelala nyuma ya ukuta, na kwa mama anayeuza mbele yake. Waulize siku mbaya ikija watakuwa wapi, na wewe utakuwa wapi. Kama wewe utakuwa salama Doornfontein na wao watakuwa pale na uso uliowachorea, basi bado hujawaheshimu mababu, umewatumia tu. Na ukishachora kwa ridhaa yao, woga utakuja. Uache uje, uogope kabisa, kimbia kama kuna njia, jifiche, mtu aliye hai ndiye anayechora kesho. Ila brashi usiupe woga ushike. Wapo wengi watakaotaka kumfuta bibi yako bila malipo. Kazi hiyo waachie wao, wewe usiwasaidie.

Nenda sasa, mwanangu. Mungu akulinde barabarani na kwenye kona. Wazee wako wakutambue kwa sauti unapoita, na mkono wako, hata ukitetemeka, uandike majina yao mpaka mwisho. Amina. Na mlete huyo kiongozi wenu, Sizwe wa sasa hivi, niione hiyo suruali anayopandia ngazi.