Kamba ya Dobi na Bendera ya Jimbo

Shemeji yangu ni dobi, na uani kwake kuna kibao cha shaba kinachosema kwamba hapo ndipo bendera ya jimbo ilipopandishwa kwa mara ya kwanza. Kusema kweli haikupandishwa. Ilianikwa.

Asubuhi ya sherehe ya kuipandisha, miaka mingi iliyopita, bendera ilitoka kwa fundi cherehani ikiwa na doa la mafuta ya mashine. Wakamkimbizia shemeji. Akaifua, akaitundika kambani katikati ya mashuka ya nyumba ya wageni, ikakauka, akaipiga pasi, ikaenda uwanjani. Baadaye pale uwanjani pakajengwa baa. Kamati ya kumbukumbu ilipotafuta pa kuweka kibao, mwenye baa akawaambia hataki watu wa kuvua kofia mlangoni kwake. Basi dada yangu, mke wa dobi, ambaye hajui kunyamaza, akamwambia katibu wa kamati kwamba kabla ya kufika uwanjani bendera ilianza kupepea kwao.

"Ilipepea?" katibu akauliza, macho yamemtoka.

"Tena sana! Mpaka ikakauka."

Nusu ya pili katibu hakuiandika.

Kibao kikaja, na minyororo ya kuzungushia, na mlinzi, na amri: marufuku kuanika nguo eneo la kumbukumbu. Eneo lenyewe ni ua mzima. Dobi asiye na pa kuanika kazi yake ni kulowesha nguo za watu tu. Mashati yalivunda ndani, wateja wakaanza kuhamia kwa dobi wa mtaa wa pili.

Shemeji akaenda ofisini kukana. "Mheshimiwa, ile bendera ilikuwa imelowa. Niliianika tu, pamoja na foronya."

Katibu akamshika bega. "Mzee wangu, unyenyekevu wako unatutia aibu." Akaagiza aletewe soda.

Alirudi amenuna. "Umenimaliza, mama," akamwambia dada yangu.

"Nimekumaliza? Nimekutia kwenye historia, bwana!"

"Hiyo historia ina nguo za kufua?"

Wiki ya uzinduzi wa kibao, katibu mwenyewe akaleta vitambaa vya meza za wageni rasmi, na suti yake juu.

"Nitafua," shemeji akasema. "Ila zitakaukia wapi, mheshimiwa?"

Katibu akakuna kichwa, kisha akaandika kibali papo hapo na kukigonga mhuri: nguo za ofisi zinaruhusiwa. Mpaka lini, hakuandika.

Uzinduzi ulipita, kamba ikabaki imejaa, na wateja wakarudi mmoja mmoja. Mlinzi alijaribu kufanya kazi yake.

"Shuka hili?"

"La ofisi."

"Na nepi hizi?"

"Za ofisi."

"Ofisi imezaa?"

"Kawaulize wenyewe. Mimi ni dobi tu."

Mlinzi akakitazama kibao, akazitazama nepi, akarudi kukaa. Kesho yake alileta sare zake mbili zifuliwe. Hizo kweli zilikuwa za ofisi.