Ng'ombe wa Upande B

Ukitaka kukamuliwa alizeti Ulemo bila kuimbiwa, nenda kwingine. Mashine ya Melkizedeki ikiunguruma, na mwenyewe anaunguruma, na wimbo ni wa Idrissa Kisalala tu. Huyu Kisalala, waliyemwita Nyuzi Sita, ni yule mpiga gitaa la umeme aliyegombana na bendi yake juu ya nani akae kiti cha mbele kwenye basi. Alishuka njiani na gitaa lake, akatoa albamu tatu peke yake. Watu wa Dar es Salaam watakwambia wanamjua. Waache. Kuishi na mtu mji mmoja siyo kumjua. Nyuzi Sita anajulikana Iramba, na Iramba yenyewe ni Ulemo, na Ulemo yenyewe, kwa maelezo ya Melkizedeki, ni Melkizedeki.

Melkizedeki shule alifika la saba, ingawa sehemu kubwa ya hilo la saba aliisikiliza akiwa nje ya dirisha, kwa adhabu. Akaenda Rungwa kutundika mizinga, akarudi na asali kidogo na manundu mengi. Halafu akapata kitu kilichomfanya mtu. Alipata kanda.

Ilikuwa hivi. Kanda halisi ya albamu ya kwanza ya Nyuzi Sita ilikuwa moja tu kijijini, ya mzee Philipo, aliyeinunua Singida mjini. Enzi hizo ukitaka nakala unaweka redio mbili uani zitazamane kama wakwe, moja inaimba, nyingine inarekodi, na binadamu wote wanabana pumzi. Siku ya kunakili, kuku walifungiwa jikoni, watoto walipelekwa kisimani, mwenye kikohozi aliombwa aende kwa ndugu zake. Ng'ombe ndio hawakuambiwa. Kwenye upande B kuna wimbo ambao katikati gitaa linakata, ngoma zinakata, kimya kinatanda. Hapohapo ng'ombe wa Philipo akasema, "Mbuuuu!" Ngoma zikaingia.

Wiki hiyohiyo redio ikaitafuna kanda ya Philipo. Ikabaki nakala yenye ng'ombe. Nakala ikazaa nakala, hizo zikazaa wajukuu, mmoja wao akatua kwa Melkizedeki, na kuanzia Ulemo mpaka Kiomboi kikakua kizazi kizima kinachojua kwamba Nyuzi Sita alirekodi na ng'ombe. Na kizazi hicho kikatunga mtindo wa kucheza: gitaa likikata, unainua mguu wa kushoto, mikono kama mwewe, unatulia. Ng'ombe akilia, unakanyaga.

Hakuna aliyetulia kama Melkizedeki. Wengine waliyumba, yeye alisimama kama nguzo ya umeme. Selina alimwona hivyo kwenye dansi la mavuno, akacheka mpaka akakaa chini, na msichana akishakaa chini kwa ajili yako, bwana, kilichobaki ni kutuma mshenga. Wakaoana. Wakampata Flora. Na sasa Flora anaolewa na kijana wa Kiomboi, na kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga binti, baba mzazi ataingia akicheza wimbo ule mbele ya wakwe. Melkizedeki aliisubiri siku hiyo tangu mtoto yuko mgongoni.

Hapo ndipo Clement kinyozi alipokuja mashineni na spika yake ya kuchaji na flashi shingoni kama msalaba.

"Shikamoo, baba Flora. Nimeleta habari njema. Albamu za Nyuzi Sita zimetoka upya. Zote tatu. Zimesafishwa!"

"Marahaba. Zimesafishwa na nani? Zilikuwa na kinyesi?"

"Na wataalamu. Sikiliza uone. Hata anavyovuta pumzi unasikia."

"Mimi nilinunua nyimbo au mapafu?"

Clement akawasha. Ukweli lazima usemwe hata kama unauma: zilikuwa safi. Besi ilitikisa ndoo. Wateja wakaacha magunia yao wakasogea. Gitaa likapanda, likashuka, likakata. Melkizedeki akainua mguu, hakuweza kujizuia. Kimya. Akasubiri. Ngoma zikaingia bila ng'ombe, wimbo ukaendelea mpaka ukaisha, na yeye bado yuko juu ya mguu mmoja, macho yamemtoka, anasubiri. Mwisho akaanguka kwenye lundo la mashudu ya alizeti.

"Wamemwondoa," alisema akiwa humohumo. "Wamemwondoa ng'ombe!"

Ulemo ikagawanyika. Ukienda kunyoa, unaulizwa kwanza: wewe ni wa ng'ombe au wa kusafishwa? Ukijibu vibaya, unanyolewa upande mmoja. Kwa Melkizedeki nako ukimtaja Clement, gunia lako linasubiri nyuma. Kwa kuwa Clement ndiye alikuwa msimamizi wa muziki kwenye kamati ya sendofu, ugomvi ukahamia kwenye kamati, na kikao kikakaa palepale mashineni, watu juu ya magunia.

"Ndugu wajumbe," Melkizedeki alianza, ameshika chupa mbili za mafuta. "Haya ni ya kukamua tu. Mekundu, yana harufu, mtu akipika jirani anajua. Haya yamechujwa mara mbili. Meupe kama maji. Ukipika, hata mwenye nyumba hajui kama kumepikwa. Nyimbo za Clement ndizo hizi."

"Lakini baba Flora, hayo meupe ndiyo unayauza bei juu!" mjumbe mmoja akadakia.

"Nawauzia wasiojua."

Watu wakapiga makofi, hata waliokuwa wameyanunua.

Clement akasimama. "Mimi nasema hivi. Ng'ombe hakuwepo studio. Studio kuna mazulia. Ng'ombe ataingiaje kwenye mazulia?"

"Nyuzi Sita alikuwa ameachwa na bendi nzima," Melkizedeki akamjibu. "Ulitaka amwite nani aitikie? Alibaki na ng'ombe. Yule ni kilio cha upweke. Wewe umezaliwa juzi, upweke umeuonea wapi?"

Mzee Philipo, aliyekuwa akisinzia kwenye gunia la mwisho, akainua fimbo. "Wanangu. Yule ng'ombe alikuwa wangu."

Wote wakamgeukia.

"Alikuwa mweusi, na baka jeupe begani. Alikuwa nyuma ya redio, mimi mwenyewe nimemfunga pale. Alilia kwa sababu ya kiu."

Ungetegemea mambo yaishe hapo. Hujui watu wa Ulemo.

"Mzee Philipo," alisema Melkizedeki kwa upole wa kutisha, "shikamoo kwanza. Sasa na wewe, kwa umri huo, bado unatafuta umaarufu?"

"Marahaba. Umaarufu gani? Ng'ombe wangu nisimjue sauti?"

"Yuko wapi huyo ng'ombe atoe ushahidi?"

"Tulimla. Kipaimara cha binti yangu Jesca."

Kelele zikapanda. Wa upande wa ng'ombe wakasema kama ni kweli, basi Philipo amekula mwanamuziki. Wa kusafishwa wakasema hata kama ni kweli, mwanamuziki mwenyewe alikuwa na kiu, hakuimba kwa moyo. Hakuna upande uliomwamini mzee. Akarudi kusinzia, akisema neno moja la Kinyiramba ambalo haliandikwi.

Kamati ikaamua: sendofuni utapigwa wimbo uliosafishwa, maana wakwe wa Kiomboi ni watu wa heshima. Melkizedeki akampigia Michael, yule DJ aliyekodiwa, amwombe apige kanda.

"Mzee wangu, mashine yangu haina mdomo wa kanda," Michael akasema. "Kila kitu kiko kwenye kompyuta."

"Basi kata mahali pa kimya, uweke ng'ombe."

"Ng'ombe nimtoe wapi?"

Melkizedeki akakata simu. Swali lilikuwa zuri kuliko aliyeliuliza.

Alijaribu kwanza njia ya uungwana: kucheza bila kuinua mguu. Mguu ukakataa. Gitaa likikata, wenyewe unapanda, na ukishapanda haushuki bila kuitwa. Selina alimkuta mara kadhaa nyuma ya nyumba amesimama hivyo kama korongo, spika imeshanyamaza kitambo.

"Baba Flora, si uushushe tu?"

"Hausikii, mama Flora. Umezoea kuitwa na ng'ombe."

"Utatuaibisha mbele ya wakwe."

"Ndiyo maana silali."

Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Mashine kila mtu anaweza kuwa nayo. Jina alilokuwa nalo peke yake lilikuwa la ule mguu, na wakwe walikuwa wameshasimuliwa. Baba mkwe mwenyewe, mzee Hosea, alituma salamu kwamba anakuja kuuona. Sasa auone ukikwama hewani? Harusi ina maneno mengi, na neno baya likianza sendofuni litamfuata binti mpaka kwenye ndoa: baba yake yule aliyeganda.

Melkizedeki alikuwa na ng'ombe mmoja wa maana, Bibi Afya, mwenye maziwa ya kulisha nyumba na kubaki ya jirani, na ndama bado ananyonya. Na mfugaji anajua, hata aliyesomea dirishani: mfiche ndama, mama atalia, ndama akiitika, mama atalia zaidi. Hii ni sayansi. Akamwendea mzee Philipo, akaomba msamaha kuhusu lile neno la umaarufu, akampa kazi. Mzee atakaa nyuma ya turubai ameshika mdomo wa ndama. Gitaa likikata, auachie.

"Kwa hiyo sasa unakubali kwamba alikuwa ng'ombe wangu?" Philipo aliuliza.

"Nakubali kwamba wewe unajua kushika ndama."

Siku ikafika. Maturubai ya bluu na meupe, viti vimevalishwa nguo, wakwe mbele, mzee Hosea katikati na koti la suti kwenye jua lile. Mshereheshaji, aliyeitwa Godfrey, akatangaza baba mzazi. Michael akaachia wimbo. Melkizedeki akaingia na suti ya kijani, anacheza, na mkononi ameshika kamba, na mwisho wa kamba Bibi Afya anatembea kama bibi harusi wa pili, na utepe mwekundu kwenye pembe, maana huwezi kumleta mwanamuziki jukwaani hivihivi.

Clement akaruka toka mezani kwa DJ. "Baba Flora! Huyo wa nini?"

"Wa upande B," alisema bila kukosa hatua.

Gitaa likapanda. Likashuka. Likakata. Mguu wa kushoto ukainuka, mikono ikawa mwewe. Wakwe wakanyoosha shingo. Nyuma ya turubai ndama akaita kwa sauti nyembamba. Bibi Afya akageuza masikio, akafungua mdomo.

"Mbuuuuuu!"

Ngoma ziliingia hapohapo, na mguu ulitua sambamba nazo. Safi! Haijawahi kutokea Iramba, wala Singida, wala huko kwingine wanakojisifu, mtu kukanyaga vile. Melkizedeki akageuka kuwatazama watu wa Clement, wamwone.

Hakuna aliyekuwa anamtazama. Wanawake wote walikuwa wamesimama, vigelegele vimepaa, na Godfrey anapiga kelele kwenye maiki mpaka inakwaruza: "Jamaniii! Baba mzazi anamtunza binti yake ng'ombe! Zawadi ya ng'ombe wa maziwa! Akina mama, hebu msikilizeni huyo baba!"

Melkizedeki akafungua mdomo. Alipokuwa bado anautafutia neno, ndama akamponyoka Philipo, akapita chini ya turubai na meza ya keki, akaenda moja kwa moja kwenye chuchu za mama yake.

"Na ndama wake!" akalia Godfrey. "Na ndama wake, jamani!"

Kila mtu wa huku anajua, na hata asiyejua anaweza kukisia: mnyama akiingia sendofuni akapigiwa vigelegele, hamilikiwi tena na aliyemleta. Ukisema ulimleta aje kuimba, utacheka na nani? Flora alikuwa amekuja mbio na gauni lake, amemkumbatia baba, analowesha suti ya kijani kwa machozi. "Baba, sikujua. Baba, Bibi Afya kweli?"

Akamtazama binti. Akamtazama Bibi Afya, ambaye vijana wa Kiomboi walikuwa tayari wanampapasa mgongo kama mali yao, na ilikuwa mali yao.

"Wewe ni mtoto wangu mmoja," alisema. "Ulitaka nikutunze ndoo?"

Selina akapita karibu naye akicheza, akitabasamu kwa ajili ya wageni, akanong'ona bila kufungua meno: "Kesho asubuhi chai ya rangi. Na keshokutwa. Na mwaka kesho."

Clement naye akasogea, uso umemlainika. "Baba Flora, nikubali tu. Pale kwenye kimya... pamekaa. Nimerekodi kwenye simu. Ila upepo umeingia, itabidi nikaisafishe."

"Uisafishe uone."

Ndipo mzee Hosea akaomba maiki. Uwanja ukatulia, watoto wakanyamazishwa. Akakohoa.

"Mzazi mwenzangu," alisema, "sisi kwetu tumetoa ng'ombe na tumepokea ng'ombe. Nimezeeka kwenye hayo. Lakini sijawahi kuona ng'ombe akitolewa mtu kasimama mguu mmoja, akisubiri mnyama mwenyewe aridhie kwa kinywa chake. Nimeguswa. Hii ni mila ya hapa Ulemo? Maana na mimi nina binti, na sitaki wakwe zangu waseme watu wa Kiomboi hatujui taratibu. Niambie kweli."

Nafasi ilikuwa hiyo. Neno moja la kweli, watu wangecheka wiki, na mzee mwenye heshima kama yule, nani anajua, labda angerudisha hata ndama. Clement alikuwa anamtazama. Philipo, nyuma ya turubai na kamba tupu mkononi, alikuwa anamtazama. Selina hakuthubutu kutazama.

Melkizedeki akavuta koti la suti likae sawa.

"Ni mila, mzazi mwenzangu," alisema. "Ila chunga, ni mguu wa kushoto."

Mzee Hosea akatikisa kichwa kwa heshima, akampa mtu maiki amshikie, akajishika kwenye kiti, na mbele ya kadamnasi nzima akaanza kuinua wa kwake.