Jiwe Lisilolia Kule Timboni

Siku moja naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na asubuhi timbo zima la mawe lilinuka vumbi lililolowa. Nilikuwa msichana mwenye kiuno chembamba, usicheke, na nilikuwa nimetoka kwetu ziwani si muda mrefu kuja kuishi na dada yangu Adhiambo hapa Mashimoni, Kibera. Yeye alikuwa na mimba kubwa, ya kwanza. Kila asubuhi tulitoka pamoja kwa miguu mpaka upande wa Kawangware, kwenda kugonga kokoto.

Nimekumbuka haya kwa sababu juzi mjukuu wangu amepewa kazi ya shule, aende nje aokote mawe ya aina tofauti na kuyataja majina. Amerudi na begi limejaa, anayapiga picha kwa simu, na simu inamwambia hili ni hili na lile ni lile. Vizuri. Mimi sina ugomvi na simu. Lakini simu haijui kuogopa, na mawe niliyafahamu kwa njia nyingine.

Timbo lenyewe hutaliona leo. Limefukiwa, na juu yake kuna maghorofa ya watu wa Riruta wanaoanika nguo bila kujua wamesimama juu ya nini. Siku hizo lilikuwa shimo pana lenye ukuta mrefu wa mwamba upande mmoja. Wanaume walipasua mwamba kwa mitalimbo, na wanawake walikaa chini ya ukuta, penye kivuli, wakigonga. Kazi yangu ilikuwa kuokota na kuchagua. Wewe unadhani jiwe ni jiwe tu? Hata mimi nilidhani hivyo.

Aliyenitoa ujinga huo ni Mzee Ramadhani, Mnubi wa Kibera, ndiye aliyekuwa msimamizi wa timbo. Alikuwa mkali kama pilipili, na kofia yake nyeupe haikuwahi kushika vumbi, sijui alifanyaje. Alinionyesha jiwe la buluu, gumu, ambalo ukiligonga linalia kama sufuria tupu. Hilo ndilo la kokoto. La kijivu ni laini, msumari unaliacha alama, na hilo huchongwa la kujengea nyumba. Jekundu ni bovu, linamung'unyika mkononi, kazi yake ni kujazia barabara. Ukishindwa kwa macho, lowesha. Ukishindwa kwa maji, kwaruza. Ukishindwa kabisa, gonga usikilize.

Na ukuta nao uligongwa. Kila asubuhi, kabla ya wanawake kukaa, Mzee aliugonga kwa nyundo akatega sikio. Ukilia, ni mzima, mwamba umeshikana. Ukitoa sauti butu, kama unapiga gunia la unga, ndani kuna ufa, na jiwe hilo aliliita jiwe lililokufa. Hapo hakai mtu.

Asubuhi hiyo aliugonga pale chini, akasema ni mzima. Wanawake wakakaa. Adhiambo alikaa katikati kabisa, mgongo kwenye mwamba, miguu ameinyoosha kwa sababu ya tumbo. Kando yake alikaa Mama Wambui wa Kawangware, mwanamke wa vicheko, aliyekuwa akinibebea ndizi kila siku kwa kuwa alisema nimekonda.

Mimi nikapanda kwenye kijia kilichokuwa juu ya vichwa vyao, kuokota mawe ya buluu yaliyofunuliwa na mvua. Nikaokota moja, nikaligonga, likalia, nikalitia kwenye karai. Halafu nikaugonga ukuta wenyewe, kwa mchezo tu wa kitoto. Haukulia.

Nikasogea kidogo, nikagonga. Ukalia. Nikarudi pale pale. Butu. Nikainama kutazama, nikaona maji yanatoka kwenye mstari mwembamba uliopita juu ya dada yangu kutoka huku mpaka kule. Nikashika majani ya pembeni nisianguke.

Sasa sikiliza nilichofanya. Sikupiga kelele. Nilijiambia, Mzee ameshasema ni mzima, na mimi ni nani? Mtoto wa kike, mgeni wa juzi, hata Kiswahili changu walikuwa wakikicheka. Kwetu tulilelewa na methali ya asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Basi nikatafuta ujanja wa kumtoa dada yangu bila kumkosoa mtu mzima. Nikashuka.

"Adhis, kuna mtu anakuita huko barabarani."

"Nani?"

"Sijui. Ni mama fulani."

"Mwambie akuje hapa. Na hii tumbo nitapanda huko juu nikifanya nini? Wacha nimalize hii debe kwanza."

Mama Wambui akacheka. "Huyu anataka tu kuzurura. Keti hapa, msichana."

Sikuketi. Nilisimama nikitazama ule mstari. Mara mama wa chai akafika na chupa zake, watu wakashika vikombe, na mimi nikapewa changu nikakiweka chini. Nikaona afadhali nimkaribie Mzee mwenyewe.

"Mzee, huo ukuta..."

"Umefanya nini?"

Nikaitazama kofia yake nyeupe. "Uko na maji."

"Mvua imenyesha usiku mzima. Ulitaka utoe maziwa?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka nao. Mwanangu, katika yote niliyofanya maishani, kicheko hicho ndicho kinachonichoma mpaka leo. Dada yangu yuko chini ya jiwe lililokufa, mimi najua, na ninacheka ili nisionekane mjinga.

Chai ikaisha, nyundo zikaanza tena. Kokoto ndogo ikaanguka kwenye kitambaa cha Adhiambo. Akaipangusa kama mtu anayefukuza nzi. Ikaanguka nyingine. Hapo ndipo sauti ilinitoka, na sikujua kama ni yangu.

"Tokeni! Jiwe limekufa! Nimeligonga juu, limekufa!"

Mzee alikuja amewaka hasira. Akaninyang'anya nyundo, akapanda kwa shida, akagonga mara moja tu. Nikauona uso wake ukibadilika.

"Ondokeni! Wacheni kila kitu!"

Nilimshika Adhiambo makwapani, nikamburuta kama gunia, naye ananitukana kwa Kijaluo. Wengine wakakimbia. Mama Wambui alikuwa amekaa muda mrefu, miguu ikawa imekufa ganzi. Aliinuka, akayumba, akapiga magoti. Ukuta ukaporomoka. Sitakueleza ule mlio. Waliosema kimya kingi kina mshindo mkuu hawakujua kuwa wanausema ukimya wangu.

Tulipoinua vichwa, pale alipokuwa amekaa dada yangu palikuwa na mwamba mkubwa kama chumba chetu. Adhiambo alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Nani alikuwa ananiita?" Nikalia tu.

Mama Wambui alitolewa akiwa hai, mguu mmoja umesagika. Walimpakia kwenye mkokoteni wakamkimbiza hospitali. Alipona, lakini mguu ule haukunyooka tena, na kazi ya timbo ikamwishia siku hiyo.

Jioni Mzee Ramadhani alikuja nyumbani kwetu. Nilidhani amekuja kunishukuru, kwa maana majirani walikuwa wameshaanza kuniita shujaa. Dada akampa kiti, akakikataa.

"Uligonga lini?" akaniuliza.

"Kabla ya chai."

"Na ukapiga kelele lini?"

"Baada ya chai."

"Basi ulinyamazia nini?"

"Wewe ulikuwa umeshasema ni mzima, Mzee. Nilikuheshimu."

"Hukuniheshimu. Uliniogopa." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Mimi niligonga chini, sikupanda juu, kwa sababu magoti yananiuma na niliona haya kusema. Hilo ni kosa langu, nitalijibu kwa Mungu. Lakini nilikufundisha kazi ya nini, wewe? Si ili sikio langu likichoka, lako liwepo? Na nilipokufanyia mzaha, ungeniambia, Mzee, wacha mzaha, panda ugonge."

Akatoka bila kuaga. Nilimwona nje, amesimama karibu na kioski cha maji, anajipangusa macho. Nilimwonea huruma kuliko nilivyojionea mwenyewe.

Mtoto wa Adhiambo alizaliwa salama. Leo ni mama mtu mzima, ana duka lake karibu na Nyayo Highrise, na anapenda kubishana na kila mtu. Kila akinibishia nashukuru.

Basi mwanangu, sikia nasaha yangu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ni kweli, wala sitakufundisha utovu wa adabu. Lakini siku ile mimi nililisikia la mkuu, na guu lililovunjika lilikuwa la Mama Wambui. Ukubwa wa mtu hauzibi ufa. Ukiwa umejifunza kitu kwa mikono yako, ukakihakikisha, ukakirudia, na mkubwa wako anasema kinyume, mwambie. Mwambie kwa upole kama nafasi ipo. Kama nafasi haipo, iweke adabu kando, utairudia watu wakiwa salama. Usizunguke kwa ujanja kama nilivyozunguka, kwa maana muda unaoutumia kulinda jina la mkubwa, mwingine anaulipa kwa mwili wake. Na mkubwa huyo akiwa mimi, niambie mimi, hata kama nimekasirika, hata kama watu wanacheka.

Nenda sasa, Mungu akutangulie. Akupe masikio mazima na moyo usioona haya kusema. Akupe wakubwa wanaokubali kurekebishwa. Na ukizeeka kama mimi, akupe kijana mmoja atakayekukatiza maneno.